Ukimya Nilioukata kwa Wembe

Ninyi mnaoanza kazi ya kuhifadhi sauti za zamani huwa mnaniuliza maswali yaleyale: mashine gani ni nzuri, programu gani ya kompyuta inaondoa kelele vizuri. Hayo yana vitabu vyake. Mimi nataka kuwaeleza jinsi nilivyoharibu kanda isiyo na nakala nyingine popote duniani, nikiwa na mwezi wa tatu tu kazini, na nilivyoitafuta ile sehemu niliyoiharibu. Nimestaafu sasa. Hakuna wa kunifukuza.

Naitwa Rukia. Kabla ya kuja Toronto nilikuwa mhariri wa kanda redioni Dar es Salaam. Msidhani ilikuwa kazi ya kalamu. Ilikuwa kazi ya wembe. Mtu anahojiwa, anakohoa, anasema "eee" mara kumi, anasahau alichotaka kusema. Mimi naupitisha utepe polepole kwa mkono kwenye mashine mpaka nisikie ile "eee" inaanzia wapi, naweka alama kwa penseli, nakata mshazari, naunga kwa gundi. Miaka ile ukisikia mheshimiwa anazungumza redioni bila kigugumizi, ujue kuna mtu kama mimi amekaa mahali na wembe. Mkuu wetu wa zamu alikuwa na sheria moja: hewani pasiwe na kimya. "Msikilizaji akisikia kimya," alikuwa akisema, "anadhani umeme umekatika. Anazima redio, anakwenda kulala." Kwa hiyo kimya chochote kilichozidi pumzi moja nilikikata. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja, mpaka mkono ukawa unakata kabla kichwa hakijaamua.

Tulipohamia huku na mume wangu tulipanga North York, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakunja sweta kwenye duka la nguo. Nikaona tangazo la maktaba moja: wanatafuta mtu anayezijua kanda za zamani. Nikaenda na koti la kuazima. Aliyenihoji alikuwa mama mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya nywele, jina lake Bi Filomena. Alinisukumia utepe uliokatika na wembe, akakunja mikono. Nikaunga. Akapitisha ukucha juu ya kiungo, hakikukwaruza. Akaniuliza kwa Kiingereza nimejifunzia wapi.

"Tanzania," nikasema.

"Tanzania!" Akabadilisha lugha palepale. "Sasa kwa nini tunasumbuana na Kizungu, mama? Mimi ni Mgoa wa Nairobi. Lakini Kiswahili yangu ni ya Nairobi, usinicheke."

Sikumcheka, siku hiyo. Baadaye nilimcheka sana, naye akanicheka mimi, akisema Kiswahili changu kina salamu nyingi kuliko habari. Kila asubuhi alikuja kwa treni kutoka Mississauga, akashuka na mimi ghorofa ya chini kabisa ambako hakuna dirisha, na humo tukazungumza lugha yetu kutwa nzima.

Kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa mkusanyo wa mtu mmoja. Alikuwa Mholanzi, fundi wa simu, ambaye ujanani alizunguka Uingereza, Uholanzi na Ujerumani na mashine yake ya kurekodia, akiwafuata wanamuziki wa jazi huria. Hakulipwa na mtu. Walipopiga kwenye chumba cha juu cha baa, yeye yupo. Walipopiga kwenye ukumbi wa shule mbele ya watu tisa, yeye ni mmoja wa wale tisa. Kisha akahamia Canada, akaoa, akaziweka kanda zote chini ya ngazi za nyumba yake. Alipofariki, binti yake Anneke, muuguzi anayeishi Unionville, akazileta kwetu.

Alizileta mwezi wa Januari, kwenye buti la gari. Nilikuwa bado mgeni wa baridi za huku. Nikashika sanduku la kwanza, nikataka kulifungua nione kuna nini. Bi Filomena akanipiga kofi la mkono kama mtoto aliyegusa sufuria.

"Wacha! Hizo zimetoka kwa barafu. Ukifungua saa hii hewa ya hapa ndani itageuka maji juu ya utepe. Zikae mpaka kesho, zizoee."

Basi tukazipanga ukutani, masanduku arobaini na mawili, tukaziacha zizoee, kama mimi nilivyokuwa nazoea. Mkizipokea kanda wakati wa baridi, fanyeni vivyo hivyo. Kaeni mikono mifukoni mpaka siku ya pili.

Kanda ya kwanza niliyoiweka kwenye mashine nilidhani imeharibika. Mlio wa kwanza ulikuwa kama mlango wenye kutu, wa pili kama sahani zinazodondoka ngazini. Nikasimamisha mashine. Nikasafisha vichwa vya kusomea kwa spiriti, nikauweka utepe upya. Mlango na sahani. Nikabadilisha mashine. Mlango na sahani. Nikamwita Bi Filomena, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba mashine zetu mbili zimekufa siku moja.

Akaweka hedifoni, akasikiliza dakika nzima, uso haubadiliki. Akazivua.

"Mashine ziko sawa. Hawa watu ndio wanapiga hivyo."

"Wanapiga nini?"

"Wanachotaka. Ndiyo maana inaitwa huria."

Alinieleza kadiri alivyojua. Hawa walikuwa Waingereza na Wazungu wenzao wa Ulaya walioupenda muziki wa jazi wa Wamarekani weusi, kisha wakachoka kuuiga. Wakaamua wapande jukwaani bila wimbo waliokubaliana, bila mapigo ya kuhesabu, kila mmoja amsikilize mwenzake na ajibu. Kikitoka kitu, kimetoka. Kisipotoka, watu wamekula hasara pamoja. Mimi nilikulia kwenye muziki wa dansi, ambako gitaa likianza tu kiuno kinajua kazi yake, na hapa kiuno changu hakikupata kazi yoyote. Wiki mbili nzima niliumwa kichwa. Wiki ya tatu nikagundua kwamba nimeanza kutambua nani ni nani. Saksofoni fulani ilikuwa inauliza maswali. Dramu fulani ilikuwa haijibu upesi. Sikusema naupenda muziki ule. Lakini nilianza kujua kwamba wale watu wanazungumza.

Laiti ningekuwa nimejua hivyo wiki moja kabla.

Kanda yenyewe iliandikwa kwa mkono wa yule Mholanzi: jina la mji mmoja kaskazini mwa Uingereza, ukumbi wa kanisa, watu watatu. Saksofoni, besi kubwa ya kusimama, na dramu. Viungo vyake vya zamani vilikuwa vimekauka na kuachia, na Bi Filomena alinipa wembe nivirekebishe, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa amri: rekebisha viungo. Nikafika mahali katikati ya kanda ambapo kiungo kimoja kilikuwa kimeachia kabisa. Nikaunga, nikauendesha utepe kujaribu. Mishale ya mashine inayopima sauti ikalala. Ikabaki imelala. Nikangoja. Nikaenda mbele, bado imelala. Nikatazama saa: dakika nne na zaidi hakuna kitu. Nikasema moyoni, huyu Mholanzi alisahau kuzima mashine wakati wa mapumziko. Sikuongeza sauti. Hedifoni zilikuwa shingoni. Nilitazama mishale, sikusikiliza. Kisha ule mkono wa miaka kumi na moja ukafanya kazi yake. Nikakata pale mishale ilipolala, nikakata pale ilipoinuka, nikaunga kiungo kizuri ambacho ukucha usingekihisi. Halafu, baada ya kukata, ndipo nikanakili kanda kwenye kompyuta. Mnaelewa maana yake. Kile kimya hakikuwepo tena kwenye kanda, na hakikuingia kwenye nakala.

Nilijisikia nimefanya kazi safi. Mwisho wa siku nilimwonyesha Bi Filomena kiungo, naye akakisifu, asijue ni cha nini.

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja Bi Filomena akaja na barua, akanisomea huku koti bado analo mwilini. Ilitoka kwa mzee Mwingereza aitwaye Clive, mpiga dramu. Anneke ndiye aliyempa anwani yetu. Aliandika kwamba anakuja Toronto baada ya wiki tatu kumwona mwanawe, na kwamba katika kanda zetu kuna moja aliyoisikia kwa masikio ya jukwaani tu. Akataja mji, ukumbi wa kanisa, watu watatu. Aliyepiga besi jioni ile alikuwa dada yake, Maureen. Ilikuwa mara ya mwisho kupiga naye, kwa sababu aliugua muda mfupi baadaye na hakupona. Hakuomba nakala. Aliomba aketi asikilize. Mstari wa mwisho, Bi Filomena aliusoma mara mbili kwa kuwa hakuuelewa: "Zaidi ya yote nataka kusikia pale tuliponyamaza."

Mimi niliuelewa.

Nawaambia kweli, nilifikiria kukaa kimya. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Nani angejua? Mzee angeisikiliza kanda, asingeisikia ile sehemu, angedhani Mholanzi hakuirekodi au kumbukumbu imemchezea. Nilikwenda chooni, nikanawa uso, nikajitazama kwenye kioo. Nikarudi, nikasimama mbele ya meza yake.

"Bi Filomena, nilikikata."

"Ulikata nini?"

"Pale waliponyamaza. Nilidhani ni utepe mtupu. Nilikata kabla ya kunakili."

Alivua miwani ya machoni akavaa ile ya kichwani, kisha akazirudisha tena. Nilijiandaa kupigiwa kelele. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Utepe uko wapi?"

Hapo ndipo nawashukuru watu wa redio, hata kama wao ndio walionifundisha kukata. Kule utepe ulikuwa adimu. Kipande chochote kilichobaki hatukukitupa. Tulikiunga na kingine kwenye gurudumu la mabaki, tukalitumia kujaribia mashine na kuongeza kipande cha kushikia mwanzoni mwa kanda fupi. Na mimi, bila kumwambia mtu, nilikuwa nimeanzisha gurudumu kama hilo Toronto. Mabaki yangu yote ya miezi ile, kutoka kila mkusanyo niliougusa, yalikuwa yameungwa pamoja bila alama, mengine yametazama mbele, mengine nyuma.

Nikalitoa kabatini. Lilikuwa nene kama sahani ya chapati.

"Yote haya ni nini?" akauliza.

"Vimya," nikasema. "Sehemu kubwa ni vimya."

Bi Filomena akakaa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Sasa wewe utatafuta kimya kimoja ndani ya vimya mia. Una wiki tatu. Kazi ya kawaida haitasimama. Hii utafanya saa ya chakula, na asubuhi kabla watu hawajaingia. Na wembe nipe."

Nikampa wembe.

Kesho yake nilipanda treni ya chini ya ardhi ya kwanza kabisa kutoka North York, na ndivyo nilivyofanya kila siku tangu hapo. Mume wangu aliniuliza maktaba gani inayofunguliwa alfajiri. Nikamjibu kwamba inafunguliwa kwa ajili yangu, mpaka nimalize.

Sasa sikilizeni, maana hii ndiyo sehemu ya ufundi. Mtu anayesema kimya ni kimya hajawahi kuongeza sauti. Niliweka hedifoni masikioni, nikapandisha sauti mpaka mwisho, na nikaanza kusikia kwamba kila kimya kina nyumba yake. Kuna kimya cha studio, kizito kama godoro. Kuna kimya cha ofisi chenye saa ya ukutani. Kuna kimya cha utepe ambao haukurekodiwa kitu, chenye mchakacho wake mwembamba tu.

Na kuna umeme. Mashine ikichomekwa ukutani, mvumo wa umeme huingia kwenye kanda, chini kabisa, na humo haubanduki. Umeme wa Canada hutetema mara sitini kwa sekunde, wa Ulaya mara hamsini. Kwa hiyo wa Ulaya unavuma chini zaidi kidogo. Siku ya tatu nilifika kwenye kipande ambacho mvumo wake ulinisimamisha. Nilijua ninausikia kwa mara ya kwanza humu ndani, lakini mwili wangu ulikuwa unaujua. Nikafunga macho. Ulikuwa ni mvumo wa chumba chetu cha kuhariri Dar es Salaam. Umeme wa kwetu nao ni wa hamsini. Miaka kumi na moja nilikaa ndani ya sauti ile bila kujua kwamba ni sauti, na ilinibidi nivuke bahari, nihame chumba kile, ndipo niisikie.

Basi kuanzia hapo kazi ikawa na njia. Kila kipande chenye mvumo wa huku nilikiweka kando. Vilivyobaki vilikuwa vya Ulaya, na hivyo ndivyo nilivyovisikiliza kimoja kimoja. Nilikuwa na daftari. Kipande, urefu, rangi ya mgongo wa utepe, kinachosikika. "Viti." "Mtu anawasha kiberiti." "Hakuna." "Hakuna." "Mbwa, mbali." Wiki ya kwanza ikaisha. Bi Filomena hakuuliza kitu, ila kila asubuhi nilikuta chupa ya chai ya maziwa mezani kwangu, na mwenye nayo hayupo.

Katikati ya wiki ya pili utepe ukaanza kulia. Kanda za aina fulani zikizeeka gundi yake inavuta unyevu, na utepe unanata kwenye mashine na kutoa mlio wa kusaga meno. Ukilazimisha, unabandua muziki wenyewe, nao unabaki mweusi kwenye vidole. Dawa yake ni joto la taratibu kwa saa nyingi. Sisi tulitumia mashine ya kukaushia matunda, ya dukani kabisa, na msiwadharau wanaoitumia hadi leo. Nikaliweka gurudumu la mabaki humo siku nzima, sina la kufanya. Bi Filomena akapita, akanusa, akasema, "Wiki iliyopita nilikausha humo mananasi. Ukisikia tamu, ni hiyo." Nilikuwa sijacheka siku kumi.

Utepe ulipopoa, uliteleza kama mpya. Na kesho yake asubuhi nikasikia mvua.

Ilikuwa mbali, juu, ikigonga bati. Chini yake mvumo wa Ulaya. Kiti kikalia. Mtu mmoja akajikohoza. Mvua ikaendelea. Nilikaa wima. Kwenye kanda yenyewe, sekunde chache kabla ya pale nilipokata, saksofoni ilikuwa imetulia na nyuma yake nilikumbuka kitu kama mchanga unaomwagwa. Nikaifungua nakala ya kompyuta, nikaisikiliza kwa sauti ya juu. Haikuwa mchanga. Ilikuwa mvua hiyohiyo.

Lakini kipande hiki kilikuwa cha dakika mbili na nusu tu. Nilijua nilikata zaidi ya nne. Tena kulikuwa na shaka nyingine: kimetazama wapi? Mvua ukiigeuza nyuma ni mvua tu. Nilikisikiliza mbele, nikakisikiliza nyuma, nikachanganyikiwa. Kilichoniokoa ni yule mtu aliyejikohoza. Kikohozi huanza kwa nguvu na kufa polepole. Kwangu kilianza polepole na kuishia kwa kishindo. Kipande kilikuwa kimeungwa kinyume.

Kilichobaki nilikipata kwa aibu. Nilikumbuka kwamba nilikuwa nimechukua utepe kutoka kwenye gurudumu la mabaki na kuuongeza kama kipande cha kushikia mwanzoni mwa kanda nyingine ya mkusanyo uleule. Nikaenda kwenye rafu. Kanda ya tano niliyoijaribu ilianza na mvua. Dakika moja na nusu, na ushee. Nikamwita Bi Filomena, akaja na wembe mwenyewe, akaniwekea mezani.

Kata zangu zilikuwa za mshazari, na penseli yangu ilikuwa bado mgongoni mwa utepe. Ncha mbili za nje zilikaa kwenye kanda kama mguu na kiatu chake. Lakini pale katikati, vipande viwili vilipokutana, ncha hazikulingana. Nikilinganisha na muda niliouandika kwa penseli siku ile ya kukata, palikosekana urefu wa mkono mmoja, sekunde kama tatu. Nilitafuta kwenye kila kanda niliyowahi kuigusa. Nilitafuta mpaka siku ya mwisho. Hazikupatikana, na hazijapatikana.

Mzee Clive alikuja na Anneke. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, na vidole vyake havikutulia. Alipokuwa akisubiri lifti aligonga ukuta taratibu, halafu mlango, halafu kifungo cha koti, kana kwamba anajaribu kila kitu kina sauti gani. Bi Filomena alikuwa ameniambia asubuhi: "Nitamkaribisha. Lakini ile maneno, utasema wewe."

Nikasema kabla hajaketi. Nilimwambia kwamba nilitoka redioni, kwamba nilidhani pale waliponyamaza hapana kitu, kwamba nilikata, kwamba nimekirudisha isipokuwa sekunde tatu. Kiingereza changu kilikwama njiani mara mbili. Anneke alitazama chini. Yule mzee hakusema "si kitu". Ninyi mtakutana na watu wema watakaowaambia "si kitu". Yeye aliniuliza, "Ni wapi hasa?"

"Baada ya dakika mbili na nusu za kimya."

Akaketi. Nikaendesha kanda.

Muziki ulianza kwa fujo yao niliyokwisha kuizoea. Alisikiliza kidevu kimeinuka. Kisha saksofoni ikatulia, dramu zake zikatulia, besi ikatulia mwisho, na mvua ikashuka ndani ya kile chumba chetu kisicho na dirisha. Nilikuwa nimepandisha sauti. Kiti, kikohozi, bati. Clive alisema taratibu, bila kututazama, "Kila mmoja wetu alikuwa anamngoja mwenzake. Nilimtazama Maureen. Alitikisa kichwa, kwamba bado." Ikafika ile sehemu. Mvua ikaruka, kidogo sana, kama mtu aliyekosea ngazi moja. Alisikia. Vidole vyake vilisimama. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Mvua ikaendelea. Dakika moja, na zaidi. Halafu besi, noti moja ya chini, inayoshikwa muda mrefu mno, na juu yake pumzi ya mwanamke anayepiga, inayosikika waziwazi. Yule mzee akaweka mkono mdomoni.

Kanda ilipokwisha akajigeuza kwetu. Kisha akasema, "Hakuna daftari linaloeleza kanda hii? Karatasi yoyote inayokaa nayo?"

Bi Filomena akaleta kadi ya maelezo inayokaa ndani ya sanduku.

"Andika," Clive akaniambia. "Andika kwamba ilikatwa, wapi, na sekunde ngapi hazipo. Mtu asije siku moja akadhani ni sisi tuliruka. Sisi hatukuruka. Tulingoja." Akanitazama usoni. "Na weka jina lako."

Haikuwa kwa ukali, wala haikuwa kwa upole. Nikachukua kalamu. Niliandika siku, nikaandika mahali, nikaandika "takriban sekunde tatu zimepotea kwa kosa la mhifadhi," nikaandika jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Maandishi yanasomeka hadi leo.

Nilipoinua kalamu, Bi Filomena aliichukua mkononi mwangu. Akavaa miwani ya kusomea, akainama, na chini ya jina langu akaandika lake.

"Wembe nilimpa mimi," akamwambia yule mzee. "Na kiungo nilisifu bila kuuliza."

Clive aliisoma kadi, akairudisha sandukuni mwenyewe. Kisha akaomba kusikiliza tena kuanzia pale waliponyamaza, na safari hii alituomba tuketi naye, sote wanne.

Kadi ile ipo. Sikuwahi kuombwa kuiondoa na sikuomba iondolewe, hata nilipokuja kuwa mkuu wa chumba kile na funguo zote zikawa mfukoni mwangu. Watafiti wameisoma, na mmoja alinipigia simu kuniuliza kama nina uhusiano na yule Rukia aliyekata. Nikamwambia ndiye mimi, ulitaka kujua nini.

Ninyi nanyi mtakata. Siku hizi si kwa wembe. Mtabonyeza kitufe, programu itawaambia hapa hapana kitu, nanyi mtaamini mishale. Siwezi kuwazuia. Ninachowataka ni hivi: kabla hujabonyeza, vaa hedifoni, pandisha sauti mpaka mwisho, ngoja. Ukishakosea, tafuta mpaka upate. Kisichopatikana, kiandike, na uweke jina lako.